Kokoto za Jichoni

Simba hana adabu. Mtu anatoka kwao mbali, anapanda ndege, anabadilisha ndege, anaamka kabla ya jua na kuvaa kofia mpya yenye kamba ya kidevuni, halafu simba analala kichakani kutwa nzima kana kwamba hakuambiwa kuna wageni. Tembo hata akijificha, mgongo unamsaliti. Twiga hana pa kuiweka shingo. Lakini simba akiamua kukunyima, amekunyima, na lawama haziendi kwa simba. Zinakwenda kwa dereva.

Chiriku aliyajua hayo vizuri. Alikuwa dereva na mwongozaji wa wageni katika hifadhi ya wanyama, mtu wa mdomo usio na likizo, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la ndege anayeanza kelele kabla watu hawajanawa uso. Wageni walimpenda. Aliwasomea nyayo za fisi barabarani, akawaonyesha kifaru angali nukta tu ya kijivu kwenye nyasi, akawapandisha hadi ukingoni mwa bonde kuu ambako nyati walionekana kule chini wadogo mno, mtu angedhani anaweza kuwazoa kwa kiganja. Siku ikiwa njema, hakuna kazi tamu kama ile. Siku ikiwa mbaya, gari zima linanuka soksi mbichi na hasira.

Siku iliyozaa balaa ilikuwa mbaya tangu asubuhi. Mvua ilinyesha mfululizo, wanyama wakajificha, paa la gari halikufunguliwa hata mara moja. Kufikia mchana wageni walikuwa wameona kanga, matope, na kisogo cha Chiriku. Mvua ilipokatika akawapeleka kwenye chemchemi ya maji moto iliyo chini ya kilima cha mawe, ili angalau wanyooshe miguu. Wenyeji waliiita Jicho, kwa kuwa ilikuwa ya mviringo, buluu iliyokolea katikati, na haikufumba usiku wala mchana. Maji yalipanda kutoka tumboni mwa ardhi yakifuka mvuke, yakafurika na kuteremka kwa mfereji hadi bwawa la chini. Huko yalifika yamepoa, na wakati wa kiangazi wanyama wote wa upande ule waliishi kwa maji hayo.

Miongoni mwa wageni alikuwamo bibi mmoja mwembamba aliyevaa koti la mvua la njano. Aliitazama chemchemi, kisha akamtazama Chiriku.

"Maji ya moto hata kwangu yapo," akasema. "Nafungua bomba tu."

Wenzake wakacheka kile kicheko cha watu waliokwisha kata tamaa. Hapo Chiriku akafungua mdomo, na laiti angeufumba.

"Bomba lako halimrudishi mtu, bibi," akasema. "Zamani, mtu akiwa na mpendwa wake aliyepotelea mbali, wazee walimleta hapa. Anaokota kokoto, anamtaja yule mtu kwa jina, anaitupa ndani ya Jicho. Maji yakitoa povu, ujue yamesikia. Aliyetajwa atarudi."

Hakuna mzee aliyewahi kusema hivyo. Hakuna bibi, babu wala mjomba. Maneno yalimjia mdomoni papo hapo, na akayatoa yangali moto. Na kuhusu povu, chemchemi ile ilitoa povu kila wakati. Ungeitupia kijiko ingetoa, ungeitupia kiatu ingetoa zaidi.

Bibi wa koti la njano akainama, akaokota kokoto, akanong'ona jina. Lilikuwa jina la bintiye ambaye hawakuwa wakisemezana, kama alivyokuja kueleza baadaye garini. Kokoto ikazama, povu likapanda, na bibi akalia mbele ya watu wote bila haya. Kisha kila mmoja akataka kutupa yake. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyemtaja simba.

Kosa dogo? Ndiyo, siku hiyo lilikuwa dogo. Kila kosa lina utoto wake. Shida ya kosa la mdomo ni kwamba halikai nyumbani kwa mzazi wake. Kulikuwa na dereva mwenzake aliyeitwa Breki, kwa sababu hakuzitumia. Huyo aliisikia hadithi kutoka kwa mgeni, akaidandia, akaongeza kwamba hata wake za wapiganaji wa kale walitupa kokoto pale waume zao walipokwenda vitani. Mwingine akatia binti wa mfalme. Baada ya misimu michache ikawa kwamba simba wakigoma kuonekana, madereva wanaambiana kwenye redio, "Leo ni siku ya Jicho," na magari yote yanageuza pua kuelekea kilimani. Mwishowe hifadhi yenyewe ikachonga kibao cha mbao na kukisimika pale: Hapa ndipo wahenga walipowaita wapendwa wao. Chiriku alipokiona mara ya kwanza alicheka hadi akauegemea usukani. Wahenga! Na mhenga mwenyewe amekaa kwenye kiti cha dereva, anamenya karanga.

Kicheko kilimkatikia kooni asubuhi moja alipomkuta shangazi yake amesimama ukingoni mwa Jicho, ngumi imefumba kitu.

Shangazi huyo, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Alimlea pamoja na mwanawe wa pekee, watoto wawili sahani moja, watoto wawili shuka moja, na ugomvi usiokwisha juu ya nani alale upande wa ukutani. Chiriku alipopata kazi hifadhini, alimtafutia shangazi naye nafasi: mfagizi wa chemchemi. Afagie njia, afute mabenchi, aokote makopo, na kwa reki ya mpini mrefu atoe majini majani na chochote kilichotupwa. Mwanawe, yule wa upande wa ukutani, aliondoka angali kijana kwenda nchi za watu kufanya kazi bandarini. Mwanzoni alipiga simu mara kwa mara. Baadaye alipiga kwa nadra. Mwishowe namba ikawa haipatikani, na shangazi akazoea kutembea ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, shangazi. Unafanya nini hapo?"

"Marahaba, baba." Alimwita hivyo kwa kuwa jina lake halisi lilikuwa la babu yake, baba wa shangazi. "Namwita nduguyo. Kumbe hapa ninapofagia siku zote ndipo wazee walipowaita watu wao! Breki ndiye aliyenieleza. Na wewe, mjuzi wa hadithi, hukuniambia hata neno. Ulikuwa unaninyima?"

Akafumbua kiganja. Kokoto ilikuwa nyeupe, ameiosha ikaosheka. Akalitaja jina la mwanawe kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula, akaitupa. Povu likapanda. Shangazi akatabasamu, na Chiriku hakuwa amemwona akitabasamu hivyo tangu ile namba ilipoacha kupatikana.

Angesema pale pale. Angesema, shangazi, ni maneno yangu tu, na wangecheka pamoja, au angechapwa kibao cha mgongoni na mambo yakaisha. Lakini alimtazama usoni, akakosa ubavu. Akajiambia, kesho. Na kesho, kama mjuavyo, haina mwisho.

Tangu hapo nafsi ilimsuta kila alipopita pale, na alipita pale karibu kila siku. Shangazi alitupa kokoto yake kila asubuhi kabla ya kushika ufagio. Uso ukamnawiri. Akaanza tena kusuka nywele. Akanunua shuka jipya kwa ajili ya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Siku moja ya mapumziko Chiriku akaenda kwake akiwa amejikaza kisabuni, maneno amekwisha kuyapanga njiani.

"Shangazi, zile kokoto..."

"Ngoja kwanza nikusimulie. Nimemwota." Akamwongezea chai. "Amesimama mlangoni, viatu mkononi, ananiuliza mbona kumefungwa. Sasa mlango siutii komeo tena. Naurudishia tu."

Chiriku akainywa ile chai pamoja na maneno yake yote. Alipotoka alilitazama komeo lililokuwa limening'inia, akaona aibu hata akashindwa kuaga vizuri. Mwizi akiingia humu, alijisemea, nitakuwa nimemfungulia mimi.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba shangazi, tangu aiamini ile hadithi, alikuwa ameacha kutoa mawe. Majani aliyatoa. Makopo aliyatoa. Kofia za wageni zilizopeperushwa na upepo alizivua na kuzianika kwenye benchi. Lakini kokoto hakugusa hata moja. Hizo zilikuwa za watu.

Na watu hawakuacha kuja, mwaka baada ya mwaka, gari kwa gari, kila mmoja na wake aliye mbali.

Dalili ya kwanza Chiriku aliiona kwenye bwawa la chini. Alikuwa na wageni wachangamfu siku hiyo, simba wamewaona asubuhi na mapema, kila mtu ameridhika. Akawapeleka bwawani kuwamalizia siku kwa tembo. Wakakuta maji yamenywea, yamebaki kama sinia katikati ya tope. Pundamilia walisimama mbali wakisitasita. Tembo jike alikuwa akichimba tope kwa mguu wa mbele, na mtoto wake pembeni anavuta tope kwa mkonga, anatia kinywani, anatema. Anavuta tena, anatema tena.

"Mbona maji yamekwisha?" akauliza mgeni mmoja.

"Kiangazi," Chiriku akajibu.

Mvua zilikuwa zimeondoka juzi tu. Nyasi nyuma yao zilikuwa bado mbichi, na yule mgeni alizitazama nyasi, akamtazama Chiriku, akanyamaza kwa adabu. Wageni wenye adabu wanaumiza kuliko wakali.

Jioni hiyo aliendesha peke yake hadi Jichoni. Buluu ilikuwa imegeuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Povu lilipanda moja moja, kivivu, na mfereji uliokuwa ukipiga kelele usiku kucha ulikuwa unadondoka tu. Akachuchumaa, akachungulia. Pale ambapo zamani jicho la mtu lilizama lisione mwisho, sasa aliona mawe. Meupe, mekundu, ya kijivu, yamelundikana hadi karibu na uso wa maji. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Jasho lilimtoka, na si la mvuke.

Mtaalamu wa maji aliitwa, akaja na fimbo ndefu ya chuma, akaitumbukiza. Ko. Akahamia upande wa pili. Ko. Kesho yake mhifadhi mkuu akaitisha mkutano kwenye banda la langoni, asubuhi, kabla magari hayajatoka.

Mkuu huyo alikuwa mgeni kituoni, amehamishwa kutoka hifadhi nyingine, mtu mpole asiyepandisha sauti, na wapole namna hiyo ndio wa kuogopwa. Madereva walikaa upande mmoja, walinzi na wafagizi upande mwingine. Shangazi alikaa benchi la mbele, sare imenyooshwa kwa pasi.

Mtaalamu akaeleza bila kuzunguka. Tundu la chemchemi limezibwa na mawe. Maji yakizibiwa njia hutafuta nyingine chini ya ardhi, na yakishaizoea hiyo mpya hayarudi. Mawe yatolewe sasa, au Jicho life, na bwawa la chini life nalo.

"Ni kazi ya nani kuyatoa?" mkuu akauliza.

Shangazi akasimama. "Yangu, mkuu."

"Uliyatoa?"

"Sikuyatoa."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu kila moja ni mtu," shangazi akasema. "Mgeni ametoka kwao, amefika pale analia, ametaja jina la mtoto wake au la mumewe. Mimi ni nani niingize reki nimchote mtoto wa mwenzangu nikammwage kichakani? Na wangu yumo humo humo."

Hakuna aliyecheka, hata waliokuja mkutanoni kwa kucheka tu. Mkuu akavua kofia, akaiweka mezani.

"Kwa kanuni ningekuachisha kazi leo," akasema. "Lakini kama hii ni mila ya wazee wa hapa, sina haki ya kuikanyaga. Hifadhi inalinda mila kama inavyomlinda kifaru. Mawe yatabaki, na wewe utabaki. Maji ya wanyama tutayatafuta kwingine."

"Kwingine hakuna, mkuu," mtaalamu akasema.

"Basi nataka niwe na hakika. Nani hapa anaijua mila hii na asili yake?"

Madereva wakayaangalia matairi ya magari nje. Kila mmoja alikuwa ameitoa hadithi kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwenzake. Breki, ambaye siku nyingi alishashuku ilikochimbuka, akaukanyaga mguu wa Chiriku.

"Nyamaza," akamnong'oneza. "Imeshakuwa ya wote hii."

Ndipo shangazi akageuka nyuma, uso umejaa imani.

"Muulizeni huyu mwanangu," akasema. "Nimemlea kwa mikono yangu, hana uongo. Hakuna hadithi ya hapa asiyoijua. Simama, baba, waeleze."

Chiriku akasimama. Ajabu ya mdomo: siku ya mvua ulikuwa mwepesi, leo ulikuwa mzito kama mlango wa ghala. Aliona wazi njia zote mbili. Akisema ndiyo, ni mila, shangazi atabaki na kazi yake, na mwanawe atabaki njiani anakuja, kama alivyokuwa akija kila asubuhi tangu kokoto ya kwanza. Litakalokufa ni Jicho, na tembo wale watahama au watalala kwenye tope. Akisema hapana, maji yatapona, ila yule mama aliyemnyima mwanawe nusu ya sahani ili amlishe yeye atasikia mbele ya kadamnasi kwamba alikuwa akizungumza na birika linalochemka. Kama shangazi asingesema yale maneno, hana uongo, huenda angemsikiliza Breki. Yale maneno ndiyo yaliyomchoma. Hakuweza kuyavaa na kudanganya papo hapo.

"Si mila," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, watu wa nyuma wakainuka wasikie. "Niliitunga mimi. Ilikuwa siku ya mvua, hatukuwa tumeona simba, wageni wamenuna. Nikaitunga."

Mtu akacheka, kisha akajiziba. Shangazi alikuwa bado anatabasamu; alimzoea kwa mizaha tangu utotoni, akasubiri mahali pa kucheka.

"Acha utani, baba. Waeleze."

"Sitanii, shangazi. Hakuna mzee aliyesema hivyo. Ni mimi. Nisamehe."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki midomoni baada ya macho kuacha kutabasamu, na hilo Chiriku hakuweza kulitazama, alitazama chini. Aliposikia benchi likilia alijua amekaa.

Mkuu akatoa hukumu kwa sauti ile ile ya upole. Kibao king'olewe leo. Madereva wote watakaohubiri kokoto watafute kazi nyingine. Chiriku asiendeshe mgeni yeyote hadi bwawa lijae. Kazi yake ni kutoa alichokitia. Na mama abaki kazini, kama bado anaitaka kazi yenyewe.

"Nikachukue reki," shangazi akasema, akatoka bandani bila kumtazama mtu.

Walifunga njia kwa kamba na kuanza. Maji yalikuwa ya moto mno kwa mkono wa mtu, kwa hiyo shangazi alivuta mawe kwa reki hadi ukingoni, mlinzi mmoja akayachota kwa kikapu cha waya, na Chiriku akayasukuma kwa toroli hadi nyuma ya kilima. Mvuke uliwatoa machozi wote, ikawa haijulikani nani analia. Chiriku alisema pole, shangazi. Hakujibiwa. Akasema tena, kwa kirefu zaidi, akieleza kwamba alikusudia kumwambia, kwamba siku ile ya chai alikuja kwa ajili hiyo. Reki ikaendelea kukwaruza. Alizoea kuwanyamazisha watu kwa maneno yake, leo yalidondoka hapo chini pamoja na mawe na hakuna aliyeyaokota. Akashika toroli akanyamaza, na kunyamaza kukamwia kugumu kuliko kusukuma.

Aliona mawe aliyoyatambua. Mengine wageni walikuwa wameyaandika majina kwa kalamu ya wino, na wino ukang'ang'ania. Kila mara ilipotokea kokoto nyeupe, iliyooshwa, iliyochaguliwa, shangazi aliivuta kama nyingine, wala hakusita. Zilikuwa nyingi. Ilikuwa afadhali angesita.

Jua lilipoanza kushuka, kitu kikakoroma chini. Maji yakatetema, yakapanda ghafla, yakasukuma mawe yaliyobakia pembeni, na povu kubwa likapasuka katikati ya Jicho. Mtaalamu akapiga makofi. Walinzi wakapiga vigelegele wasivyovijua vizuri. Breki, aliyekuja kuchungulia, akaenda kuminya honi ya gari lake kana kwamba harusi inapita. Maji yakaushika mfereji na kuteremka kwa kelele kuelekea bwawani.

Na Chiriku akafurahi. Asingizie nini? Alifurahi, alimwona yule mtoto wa tembo akinywa, akageuka na furaha yake yote kumtafuta shangazi.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi, ameyapa maji mgongo.

Akamwendea polepole, akasimama mbele yake. Shangazi akangoja honi inyamaze.

"Lile povu," akasema. "Lilikuwa linamtokea kila mtu?"

"Kila mtu, shangazi."

"Hata asiyetaja jina."

"Hata jiwe lililojiangukia lenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akajipangusa mikono kwenye sare, ikawa haipanguki.

"Jirani yangu, yule fundi cherehani, ana kaka yake anayefanya kazi melini," akasema. "Nilipokuwa ndiyo kwanza nimeanza kutupa kokoto, huyo kaka mtu alikuja kwangu. Akaniambia, mama, meli yetu inatia nanga bandari ile ile aliyokwenda mwanao. Nipe picha yake nikaulize. Nikamkatalia. Nikamwambia asihangaike, mwanangu yuko njiani, maji yameshanijibu. Akanisihi. Nikamwona hana imani."

Chiriku akaketi chini, pale pale kwenye vumbi. Siku zote alikuwa akiyapima makosa yake: kazi ya shangazi, maji ya tembo, yale matumaini ya bure. Hili hakuwahi kulifikiria. Alidhani hadithi yake haikumpa shangazi kitu. Kumbe ilikuwa imemnyang'anya.

"Huyo mtu wa meli nitamtafuta," akasema. "Nitakwenda kwa fundi leo hii. Akiwa hayupo nitamtafuta mwingine. Nipe mimi hiyo picha, shangazi."

Shangazi akaingiza mkono kifuani, akatoa picha iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hakumpa. Aliifungua, akaikunjua, akaitazama.

"Nikupe ya nini?" akasema. "Hapa mashavu yangali ya mtoto. Wakati ule ungemwonyesha mtu kule bandarini angekwambia, namjua huyu, nimemwona jana. Sasa amekuwa mtu mzima, ana ndevu, hana ndevu, sijui. Hata akipita hapa mbele yangu sijui kama nitamtambua."

Kisha akampa hata hivyo, na Chiriku akaipokea kwa mikono miwili, akashindwa kuinua uso.